Begi la kukabidhi na ukaguzi wa uwanja wa ndege: maswali ya wasafiri wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Nakata tiketi za ndege hapa Mwanjelwa, na wengi wanaokuja ni watu wa safari ya kwanza au ya pili: mama anayekwenda kumwona mjukuu Marekani, kijana aliyepata ufadhili wa masomo, mchungaji aliyealikwa mkutanoni. Tiketi tunaimaliza kwa dakika kumi. Habari ya begi inatuchukua saa nzima, na kesho yake simu inalia tena, ni begi lile lile. Maswali nimeyaweka hapa kama ninavyoulizwa.

Kabla ya yote, shika jambo hili. Begi unalolikabidhi kaunta linaweza kufunguliwa na mtu usiyemjua, wewe ukiwa haupo, na sheria inamruhusu. Huwezi kumzuia. Unachoweza ni kulipanga ili alifungue bila kuvunja, aone anachotaka kuona, na alifunge bila kumwaga kitu. Karibu majibu yote hapa chini yanatoka hapo.

Nifunge begi kwa kufuli au niliache hivi hivi?

Kwa safari za ndani ya nchi, funga. Pale uwanja wa ndege wa Songwe begi linapita kwenye eksirei na wewe umesimama hapo hapo. Askari akitaka kuona ndani atakwambia, "Mama, naomba ufungue hili," na utalifungua mwenyewe. Tabu ninayoisikia mara nyingi haitoki kwenye kufuli, inatoka kwenye ufunguo: umefungiwa ndani ya begi lenyewe, au amebaki nao binti aliyemsindikiza na ameshapanda gari kurudi Mbalizi. Ufunguo ukae kwenye pochi ya pasipoti.

Marekani mambo ni mengine. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, serikali yao iliunda shirika la usalama wa usafiri, TSA, Novemba mwaka huo huo. Tangu mwisho wa mwaka 2002 kila begi linalokabidhiwa kwenye viwanja vyao linapimwa vilipuzi. Kazi hiyo inafanyika nyuma, mbali na abiria, na mabegi ni maelfu. Hakuna atakayekuita kwa kipaza sauti uje na ufunguo. Mashine ikishtuka na kufuli lako halifunguki kwa ufunguo wao, watalikata, na kufuli lililokatwa hawalipi.

Kwa hiyo kwa Marekani una njia mbili: kufuli linalokubalika na TSA, au usifunge kabisa. Kufuli kubwa la chuma kama la mlango wa duka ni hasara tupu.

Lakini mimi naondokea Dar. TSA wananihusu nini?

Swali zuri, na wengi hawaliulizi. Begi linalotoka Dar linakaguliwa Dar, na pengine tena kule unakobadilishia ndege, kama Doha au Istanbul. TSA wanakutana nalo baadaye. Ukifika uwanja wa kwanza wa Marekani unalichukua begi lako, unapita nalo forodha, halafu unalikabidhi upya kama unaendelea na ndege ya ndani. Ni hapo linapoingia mikononi mwao. Na siku ya kurudi nyumbani linaanzia kwao moja kwa moja. Kufuli nenda nalo tangu mwanzo, usingoje kulitafuta huko.

Kufuli la TSA nalitambuaje? Mbona nimeuziwa bila ufunguo?

Hukudhulumiwa. Kufuli hizi nyingi zina namba tatu unazozipanga mwenyewe, na pembeni kuna tundu la ufunguo lenye maandishi kama TSA002 au TSA007. Lile tundu si lako. Ufunguo wake wanao wakaguzi peke yao. Wewe kazi yako ni namba.

Alama za kutafuta ni mbili: almasi nyekundu, ambayo ni ya Travel Sentry, au mwenge mwekundu, ambao ni wa Safe Skies. Mabegi mengi magumu ya siku hizi yanakuja na kufuli hilo limejengewa ubavuni. Namba za kiwandani huwa 000. Zibadilishe ukiwa nyumbani umetulia, jaribu mara tatu begi likiwa wazi, ndipo ulifunge. Kuna mteja wangu alibadilisha namba akiwa kwenye foleni ya kaunta, kidole kikateleza, begi likajifunga kwa namba asiyoijua. Tulikaa kwenye simu nikimwambia ajaribu moja baada ya nyingine, na zinaanzia 000 hadi 999.

Je, linazuia wizi?

Kidogo sana, na sipendi kumdanganya mtu hapa. Mwaka 2014 gazeti moja la Marekani lilitoa picha ya funguo hizo za wakaguzi, na mwaka 2015 watu wakazichonga kwa mashine za kuchapa vitu vya plastiki kutoka kwenye picha. Ufunguo uliokusudiwa kuwa siri haukuwa siri tena.

Na hata kufuli likiwa imara, zipu ipo. Chukua begi lako la kitambaa sasa hivi, lifunge zipu mpaka mwisho, vichwa viwili vya zipu uvipige kufuli pamoja. Halafu chukua kalamu ya kawaida ya Bic, ikandamize ncha yake katikati ya meno ya zipu. Meno yanaachia kwa mlio mdogo kama wa ganda la karanga. Ingiza kidole, vuta, begi liko wazi. Ukimaliza, sogeza vile vichwa vya zipu, pamoja na kufuli lake, kutoka upande huu hadi upande ule: zipu inajifunga tena kana kwamba haikuguswa. Nimewaonyesha wateja hili kwenye begi langu mwenyewe, na kila anayeliona hunyamaza kidogo.

Kufuli linazuia mkono wa pupa na linazuia zipu isijifungue njiani. Hayo yanatosha kulinunua. Ila kitu ambacho ukikipoteza utalia, usikikabidhi kwenye begi lenye kufuli la aina yoyote.

Nikiepuka zipu je?

Ukiweza kununua begi gumu linalofungwa kwa vibanio vya chuma badala ya zipu, nunua hilo. Kwa wengine, kichwa cha zipu kifungwe kwenye pete ya begi kwa kufuli, kisisogee. Hapo aliyeifungua kwa kalamu hawezi kuirudisha, na wewe utaona palipoguswa ukiwa bado uwanjani.

Nilizungushie nailoni pale uwanjani?

Nailoni inasaidia begi lisipasuke, lisilowe na lisichafuke. Inamfanya mwizi wa haraka aende kwenye begi jingine. Lakini mkaguzi akilitaka ataikata, na hana mashine ya kuizungusha upya. Usiweke tumaini lako lote kwenye nailoni, na chini yake begi liwe limefungwa sawasawa.

Ukitaka alama ya kujua kama limefunguliwa, kuna vile vikamba vya plastiki vya mafundi umeme vinavyokaza bila kurudi nyuma. Bei yake ni ndogo. Funga kimoja kwenye vichwa vya zipu, chenye rangi isiyo ya kawaida, na weka vya akiba mfuko wa nje ili mkaguzi aweze kukirudishia akipenda. Ukilipokea begi na rangi si ile, unajua.

Shangazi kaja linakubalika? Na ndoo, na boksi?

Shangazi kaja, lile begi la plastiki la kufumwa, linapokelewa, ila zipu yake ni nyepesi na mshono wa pembeni huachia likinyanyuliwa kwa mpini mmoja. Kwa kuunganisha ndege mbili au tatu silipendekezi. Kama huna jingine, tia nguo ndani ya kiroba kipya kwanza, ndipo kiroba kiingie kwenye shangazi kaja, kisha zungushia nailoni.

Boksi lifungwe kwa tepu pana, si kamba ya katani. Kamba na mikanda inayoning'inia hunaswa kwenye mikanda ya mizigo. Ndoo yenye kifuniko kilichochomwa kwa moto ili kisifunguke, kama tunavyofanya tukisafirisha vitu kwa basi, ni kosa. Mkaguzi atakipasua.

Mbona begi langu lilipekuliwa na la mwenzangu likapita?

Kwa kawaida si chuki wala si jina lako. Viwanja vikubwa vinatumia mashine inayofanana na CT ya hospitali: inalipiga begi picha kwa vipande na kupima uzito wa kila kitu kulingana na ukubwa wake. Vilipuzi vingi vina uzito wa namna fulani, na bahati mbaya vyakula vyetu vingi vinakaribiana navyo. Asali, siagi ya karanga, unga ulioshindiliwa, chokoleti, jibini. Chupa ya lita moja ya asali, ambayo ina takriban kilo 1.4, kwenye skrini ni donge zito lisiloeleweka. Vitabu vilivyopangwa kama matofali navyo huficha kilicho nyuma yake.

Mashine ikishtuka, mtu anaangalia picha. Asiporidhika, begi linafunguliwa na vitu vinapanguswa kwa kitambaa kidogo kinachopimwa chembe za vilipuzi. Na hapa sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu tunalopaswa kulijua. Kipimo hicho kinatafuta, pamoja na mengine, naitreti, na naitreti iko kwenye mbolea. Begi lililokaa stoo pamoja na mifuko ya mbolea ya CAN, au lililowahi kubeba mbolea kwenda shambani Makambako au Mbozi, linaweza kubeba chembe hizo kwenye kitambaa chake. Kwa ndugu zetu wanaotoka machimboni Chunya ni zaidi, maana baruti ya kupasulia miamba ndiyo hasa mashine inayoitafuta. Nguo na viatu vya mgodini visisafiri. Begi lililokaa kambini lisiende Ulaya wala Marekani. Nunua jipya, au azima kwa mtu ambaye hana habari na shamba wala mgodi, na unawe mikono vizuri kabla ya kufungasha.

Basi nipange vipi?

Anza kwa kufikiria mkono wa mkaguzi. Vyakula na vimiminika vikae pamoja, juu, kwenye mfuko unaoonyesha kilichomo, ili avione bila kuchimbua hadi chini kwenye nguo za ndani. Unga wa ulezi gawa kwenye mifuko ya kilo moja moja na ulaze bapa. Vitabu vitandaze, visirundikane. Viatu pembeni. Kisu cha jikoni au panga la zawadi vinaruhusiwa kwenye begi la kukabidhi, lakini makali yafungwe kwa kadibodi na tepu. Mtu anaingiza mkono humo bila kuona, na ni mtu mwenye watoto kama wewe.

Usijaze begi mpaka ulikalie ndipo lifunge. Wewe ulilikalia, yeye hatalikalia. Atalifunga nusu, au atalilazimisha na zipu itapasuka. Acha nafasi ya kiganja kimoja juu.

Mdogo wangu alikwenda masomoni na chupa ya asali aliyopewa na mama. Kifuniko alikizungushia selotepu nyeusi raundi nyingi sana, akaivisha soksi mbili, akaizamisha katikati ya begi, na chini yake akalaza bahasha ya vyeti akidhani ndipo mahali salama. Alipofika, soksi ziko pembeni, tepu imechanwa kwa kisu, kifuniko kimerudishwa nusu mzunguko. Asali ilikuwa imeshuka taratibu kupita kwenye mashati mpaka kwenye bahasha. Cheti cha kidato cha sita kilinyanyuka pamoja na leso iliyogandana nacho, na muhuri ukabaki kwenye leso. Mama hakuambiwa mpaka leo.

Tangu hapo asali tunaifunga hivi: chupa mpya ya kifuniko cha kuzungusha, isijae mpaka juu, chini ya kifuniko kipande cha nailoni laini, na chupa yote ndani ya mifuko miwili inayofungika kwa kubana. Hakuna selotepu. Anayetaka kuifungua ataifungua kwa mkono na kuifunga kwa mkono.

Ulanzi je? Na mchele wa Kyela, usipa, parachichi?

Ulanzi, pombe ya mianzi, usiubebe kabisa. Watu wa Iringa na Njombe wananikasirikia hapa, lakini ulanzi hauachi kuchacha kwa sababu umeuwekea kifuniko. Gesi inaongezeka saa baada ya saa, na kwenye ndege ikiwa angani mgandamizo wa hewa unapungua. Chupa itatafuta mahali pa kupumulia, na mahali hapo ni nguo zako na za abiria mwingine. Jambo hilo la hewa unaweza kuliona mwenyewe: chupa tupu ya maji uliyoifunga Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ikifika Dar imebonyea. Ukifunga chupa Dar ukapanda nayo Mbeya, inavimba.

Pombe ya kienyeji kali ni marufuku kwa sababu nyingine. Kinywaji chenye kilevi cha kati ya asilimia 24 na 70 kinaruhusiwa hadi lita 5 kwa mtu, kikiwa kwenye chupa yake ya dukani ambayo haijafunguliwa. Zaidi ya asilimia 70 hakipandi. Gongo haina lebo ya kumwambia mtu ni asilimia ngapi.

Majani ya chai ya Mufindi au Tukuyu na kahawa ya Mbozi iliyokaangwa havina tabu. Ukielekea Marekani, unga, kahawa ya kusaga au poda nyingine inayozidi mililita 350 iweke kwenye begi la kukabidhi, kwa sababu kwenye begi la mkononi wanaweza kuizuia. Mchele wa Kyela uwe kwenye mfuko safi usio na wadudu. Usipa, wale dagaa, wakiwa wakavu waingie kwenye mifuko miwili kwa ajili ya harufu, kwa heshima ya watu wengine.

Parachichi bichi, nyama ya aina yoyote, mbegu za kupanda na miche acha nyumbani ukienda Marekani. Ile fomu au lile swali la forodha, "Umebeba chakula?", jibu ndiyo, hata kama ni robo kilo ya karanga. Aliyetangaza kitu kisichoruhusiwa ananyang'anywa tu. Aliyeficha anatozwa faini.

Power bank niiweke wapi?

Mkononi, siku zote. Kwenye begi la kukabidhi hairuhusiwi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kwenye tumbo la ndege hakuna wa kuizima kwa ndoo ya maji. Kipimo ni wati-saa 100. Chukua namba ya mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Yenye 20,000 inatoa 74, inapita. Yenye 30,000 inatoa 111, inahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya 160 haisafiri na abiria. Betri za akiba za simu na kamera nazo mkononi, pamoja na sigara za umeme. Begi la kisasa lenye betri ya kuchajia simu, betri itoke kwanza.

Na vitu gani vingine visiguse begi la kukabidhi?

Kibiriti, viberiti vya gesi, mitungi ya gesi hata midogo ya kupikia, petroli, mafuta ya taa, fataki, jiko lililowahi kutiwa mafuta. Marashi na dawa za kupuliza za mwilini zinaruhusiwa kwa kiasi, kila kopo lisizidi nusu kilo au nusu lita na jumla isizidi kilo 2 au lita 2.

Jirani amenipa kifurushi nimpelekee mwanawe. Nikatae?

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ni mahali ambapo utu wetu na sheria vinakutana vibaya.

Kwetu mzigo wa mwenzako haukataliwi. Mtu akisikia unakwenda Dar, sembuse Washington, atakuja jioni na kimfuko: "Ni ulezi tu, mwanangu, na dawa kidogo ya tumbo." Kimfuko kimeshonwa. Kukifungua mbele yake unaona kama unamwita mwongo. Lakini kaunta utaulizwa: begi umelipanga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Maswali haya yana damu nyuma yake. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, kwa bomu lililofichwa kwenye redio kaseti ndani ya sanduku, na sanduku lile halikuwa na abiria wake ndani ya ndege. Walikufa watu 270. Ndiyo maana pia ukikabidhi begi halafu usitokee mlangoni, ndege itasubiri begi lako litafutwe na kushushwa.

Na kuna dawa za kulevya. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu ya kusafirisha inafika kifungo cha maisha. "Sikujua, nilipewa na jirani" utayasema ukiwa tayari umeshikwa, na lebo kwenye begi ina jina lako.

Ninavyowashauri: kubali mzigo, kataa mfuko. Mwambie, "Shikamoo mama, nitaubeba kwa moyo wote, ila sheria ya ndege inataka niufungashe mwenyewe, nisaidie tuufungue pamoja." Mimina ulezi kwenye beseni mbele yake, upitishe mkono hadi chini, uhamishie kwenye mfuko wako. Dawa ya tumbo isiyo na lebo ibaki. Mama mwenye nia njema hatakwazika, atakushikia hata beseni. Asiyetaka ufungue, huna deni naye.

Vyeti, fedha, laptopu, dawa?

Mkononi. Dawa ziwe kwenye pakiti zake zenye jina, pamoja na karatasi ya daktari, na zitoshe siku kadhaa za kuchelewa. Ukungu wa Songwe wakati mwingine huchelewesha ndege, na aliyekosa ndege ya kuunganisha Dar anaweza kulala huko bila begi lake.

Kutoka Songwe hadi ng'ambo, begi nalichukua Dar?

Angalia tiketi. Kama safari yote iko kwenye tiketi moja na mashirika yana makubaliano, begi linaweza kupelekwa moja kwa moja. Kama umenunua tiketi mbili tofauti, unalichukua jengo la ndege za ndani, unahamia nalo Terminal 3, jengo la ndege za kimataifa, unalikabidhi upya, na linakaguliwa upya. Panga muda wa kutosha.

Jibu la uhakika liko kwenye lebo wanayoifunga mpini. Isome kabla hujaondoka kaunta. Herufi kubwa tatu ni mwisho wa safari ya begi: ikiandikwa DAR, begi linashukia Dar hata kama wewe unakwenda Chicago. Siku ya kurudi tafuta MBI, ndiyo Songwe. SGX ni Songea. Lebo za safari zilizopita zing'oe zote, pamoja na vile vistika vidogo vya mistari, kwa sababu mashine inasoma chochote inachokikuta.

Ndani ya begi, juu ya nguo, weka karatasi yenye jina, namba ya simu na anwani unayokwenda. Lebo ya nje ikichanika, karatasi hiyo ndiyo itakayolirudisha. Na piga picha begi likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa, kisha kile kipande cha lebo unachopewa chenye tarakimu 10.

Nimekuta karatasi ya Kiingereza ndani ya begi. Nimeshitakiwa?

Hapana. Ni taarifa ya TSA kwamba begi lako lilifunguliwa likakaguliwa kwa mkono. Huhitaji kujibu kitu. Hesabu vitu vyako na uitunze kwa muda, maana ukikuta kitu hakipo inaonyesha ni nani aliyelifungua.

Begi limefika limevunjika, au halikufika. Nifanye nini?

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo la shirika lililokuleta mwisho, jaza fomu wanayoiita PIR, ondoka na nakala yenye namba. Mtu akikwambia "nenda nyumbani, tutakupigia," mwombe kwa upole akupe namba kwanza.

Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, unaweka siku. Mzigo ulioharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Uliochelewa, siku 21 tangu ukabidhiwe. Usipofika hadi siku 21 zipite, unahesabiwa umepotea. Kesi mahakamani ni ndani ya miaka 2. Ukomo wa fidia, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, hicho ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na haimaanishi utalipwa zote: unathibitisha ulichopoteza. Risiti ya kitenge cha Sokomatola huenda huna. Picha ya begi likiwa wazi unayo, kama ulinisikiliza.

Kama uharibifu umefanywa na wakaguzi wa TSA na si shirika la ndege, madai yanakwenda kwao kwa fomu yao wenyewe, na muda ni miaka 2.

Nimefika nyumbani Tukuyu ndipo nikaona kitu hakipo. Nimechelewa?

Kama siku 7 hazijapita, bado. Andika leo hii kwa barua pepe, taja zile tarakimu 10 za lebo, tarehe, namba ya ndege na kilichokosekana, ambatanisha picha. Begi lenyewe usilishone wala kulifua kwanza. Liweke lilivyo, na kile kikamba cha plastiki chenye rangi isiyo yako kiache palepale kwenye zipu.